UZI: Kuchagua tahasusi ya kidato cha tano. Acheni kushindana kwa herufi, angalieni somo la tatu

Mzee wa Stesheneri (mleta uzi)

Wakuu, habari za majukumu. Wakubwa zangu shikamooni.

Matokeo ya kidato cha nne yakishatoka, biashara yangu hapa Nkuhungu, Dodoma, hubadilika sura. Asubuhi natoa kopi za vyeti vya kuzaliwa, mchana nawafungulia watu matokeo kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani, jioni nageuka mshauri wa elimu asiye na mshahara. Niweke wazi: mimi si mwalimu. Mwalimu ni mama watoto, anashika taaluma kwenye shule moja ya kata humu jijini. Mengi nitakayoyasema nimeyapata kwake, mengine tumebishana mpaka ugali ukapoa.

Nimeanzisha uzi mapema kwa sababu TAMISEMI huwafungulia wahitimu dirisha la kubadili machaguo kwenye Selform (fomu ya machaguo ya mtandaoni) baada ya matokeo. Mtoto alipojaza mara ya kwanza hakuwa amefanya mtihani, kwa hiyo alijaza anachokitamani. Dirisha likifunguliwa ana matokeo mkononi, na hapo ndipo tunapoharibu. Badala ya kukaa na yale matokeo somo kwa somo, nyumba nzima inaanza kushindana kwa herufi: wa jirani kachukua PCM (tahasusi ya Fizikia, Kemia na Hisabati), basi wetu naye lazima awe na P humo ndani.

Hoja yangu ni moja. Tahasusi usiiangalie kwa jina lake, iangalie kupitia somo lake la tatu.

Nieleze. Tahasusi ni masomo matatu, na kila mtoto ukimuuliza bila kumtisha atakutajia mawili anayoyaweza. La tatu atalitaja huku anaangalia pembeni. Sasa hilo ndilo linaloamua atamaliza kidato cha sita na daraja gani, na ndilo hilohilo linaloamua mlango upi wa chuo utafunguka. Chukua PCB na CBG. Kemia na Baiolojia zimo kote kuwili. Tofauti ni Fizikia huku, Jiografia kule. Kwa hiyo swali la nyumbani lisiwe ipi ina hadhi, liwe "wewe na Fizikia mkoje?" Mtoto anayetaka udaktari wa binadamu hana njia ya mkato, Fizikia, Kemia na Baiolojia zinatakiwa zote tatu, na CBG haimfikishi huko hata akipata A tupu. Lakini kama anachotaka ni kilimo, misitu, wanyamapori, mazingira, au kufundisha Baiolojia, Fizikia anaibeba ya nini?

EGM na HGE vilevile. Uchumi na Jiografia ni zilezile, kinachobadilika ni Hisabati ya juu kwa Historia. Anayetaka takwimu akienda HGE atafika mlangoni hana ufunguo. Anayetaka mipango au utawala, HGE inamtosha na usiku atalala. PCM na PGM zinapishana kwa Kemia na Jiografia tu. Fizikia na Hisabati, ambazo ndizo uti wa mgongo wa uhandisi wa ujenzi na upimaji ardhi, zimo zote mbili. Mtoto anayeogopa Kemia lakini anaota kujenga madaraja, PGM iko pale, na watu wanaipita kama haipo.

Hesabu kidogo, mnivumilie. Kidato cha nne unahesabiwa masomo saba uliyofanya vizuri zaidi, kwa hiyo ukianguka moja mengine yanakubeba. Kidato cha sita ni matatu tu, hakuna la kujificha nyuma yake. A ni pointi 1, B 2, C 3, D 4, E 5, S 6, F 7. Mtoto wa PCB mwenye C ya Baiolojia, D ya Kemia na E ya Fizikia ana pointi 12, daraja la pili. Fizikia hiyo ikigeuka F anakuwa na 14, daraja la tatu. TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) nao wanahesabu kwa kugeuza: A ni 5, B 4, C 3, D 2, E 1, na kima cha chini cha kuingia shahada ni prinsipo (ufaulu wa A hadi E) mbili zenye jumla ya pointi 4. Huyu wetu mwenye F bado ana 5 kwa Baiolojia na Kemia, chuo anaingia. Ila anaingia kwenye kozi zilezile anazoingia wa CBG, baada ya kusulubiwa na Fizikia tangu Julai aliyoripoti hadi Mei ya mtihani.

Nitoe kisa kimoja. Dirisha lilipokuwa wazi alikuja mzee na kijana wake, wametoka upande wa Mvumi. Mzee koti la suti, kofia ya pama, karatasi ya matokeo imekunjwa mpaka imekuwa ndogo kama tiketi. Akaniambia, "Andika PCB." Nikaangalia: Baiolojia B, Kemia C, Jiografia B, Fizikia D. Nikamuuliza kijana yeye anataka nini, akawa anaitazama printa. "Baba anataka daktari." Nikaacha hayo, nikauliza zabibu za mwaka huu zinaendaje, maana nilijua upande ule wanalima. Hapo kijana akafunguka! Akaeleza ubwiri unga unavyoanzia kwenye majani ukahamia kwenye vichala, kwa nini salfa hawaipigi jua likiwa kali, kwa nini shamba la mjomba wake linapogolewa kabla ya lao. Mzee akageuka kumwangalia kama anamwona kwa mara ya kwanza. Hakukubali palepale, alitoka nje kumpigia mtoto wake mkubwa aliyeko Dar, wakaongea sana. Walichojaza mwisho: CBG ya kwanza, PCB ya pili.

Karibuni tujadili. Mwenye mtoto aweke matokeo hapa, bila jina wala namba ya mtihani tafadhali.

Mtani wa Singida

Mkuu umeandika vizuri ila unawadekeza. Ajira iko sayansi. Hao wa HGL (Historia, Jiografia, Kiingereza) na HKL (Historia, Kiswahili, Kiingereza) tunawaona wanaendesha bodaboda na shahada zao ziko kabatini. Bora mtoto apate daraja la tatu la PCM kuliko la kwanza la HGL. Mimi wa kwangu nimeshamwambia, hakuna mjadala.

Mzee wa Stesheneri

Mtani, daraja la tatu la PCM lenye nini ndani? Kama lina D ya Fizikia na D ya Hisabati, nakubaliana nawe kabisa, huyo ana pa kwenda. Kama lina E ya Kemia, S ya Fizikia na S ya Hisabati, hizo ni pointi 17, daraja la tatu safi kabisa kwenye karatasi, lakini prinsipo ni moja. Chuo kikuu haingii kwa cheti hicho. Wa HGL mwenye C mbili anaingia sheria, anaingia ualimu, anaingia utawala. Na bodaboda wa Dodoma tukiwapanga mstari tuwaulize walisoma nini, wa sayansi hawatakosekana.

Halafu, wenye ndoto ya sheria, HGL haijapewa hatimiliki ya sheria. Vyuo vingi vinapokea masomo mbalimbali ya sanaa. Mtoto anayeelea kwenye Kiswahili na Historia akaenda HGK (Historia, Jiografia, Kiswahili) hajapoteza kitu, muhimu Kiingereza chake cha kidato cha nne kiwe kizuri.

Mwl wa Fizikia

Mimi nafundisha hiyo Fizikia mnayoitisha watoto. Nitasema mawili ambayo mleta uzi kayaruka.

La kwanza, D ya Fizikia ya kidato cha nne na B ya Fizikia ya kidato cha nne hazisemi ukweli wote. D ni alama 30 hadi 44. Kuna mtoto wa 43 kutoka shule ambayo mwalimu wa Fizikia alikuja kidato cha tatu, na vifaa vya maabara vilifunguliwa wiki ya mtihani. Huyo akipata mwalimu anaruka. Kuna mwingine ana B ya kukaririshwa maswali ya miaka kumi nyuma. Huyo akifika advansi (kidato cha tano na sita) akakutana na mzunguko na mawimbi yenye Hisabati ndani, anazama mchana kweupe. Msemo wenu wa msuli tembo, matokeo sisimizi unamhusu yeye. Kwa hiyo msimpime mtoto kwa herufi peke yake. Mpe swali moja la kufikiri mbele yako uone anavyolishika.

La pili ni walimu. Shule nyingi zimepewa kidato cha tano miaka ya karibuni, na hilo ni jema. Lakini kabla hujafurahia tahasusi, piga simu shuleni au mtafute anayesoma pale, uliza maswali matatu ya kitoto: nani anafundisha Fizikia, nani anafundisha Hisabati ya juu, na mazoezi ya maabara yanaanza lini. Ukijibiwa "yupo mwalimu wa kujitolea" usikate tamaa, wengine ni wazuri kuliko sisi. Ukijibiwa "watoto wanajisomea wenyewe", basi ujue.

Na BAM (Basic Applied Mathematics), jamani. Watoto wa PCB na CBG wanadhani wamekimbia Hisabati. Wanakutana nayo hukohuko.

Binti wa Kondoa

Shikamooni wote. Mimi ndiye mwenye matokeo, sio mzazi. Uraia C, Historia C, Jiografia B, Kiswahili B, Kiingereza C, Baiolojia B, Kemia C, Fizikia D, Hisabati F. Daraja la pili pointi 18. Kwenye Selform nilijaza PCB, halafu HGL. Nataka kufanya kazi hospitali, lakini siyo lazima niwe daktari. Baba anasema F ya Hisabati imeshaniharibia kila kitu. Naombeni ushauri, na msinitukane.

Mzee wa Stesheneri

Marahaba mwanangu. Hapa hakuna wa kukutukana, na akitokea tutamshughulikia.

Kwanza mwambie baba hujaharibikiwa. Kuchaguliwa kidato cha tano serikalini wanaangalia angalau C tatu kwa masomo yasiyo ya dini, pointi zisizidi 25, na kwenye masomo ya tahasusi yenyewe pointi zisizidi 10 bila F. Wewe PCB ni 4 na 3 na 2, jumla 9, umepita kwa kusugua ukuta. CBG ni 7. HGL ni 8, HGK ni 7. Maana yake PCB unaruhusiwa, ila unagombea nafasi na wenye 3 na 4, na nafasi hazitoshi wote.

Sasa umesema neno zito: hospitali, lakini siyo lazima daktari. Hapo mlango unaweza kuufuata bila kupitia kidato cha tano kabisa. Stashahada ya utabibu ni miaka mitatu, na sifa ya kuingia ni ufaulu wa kidato cha nne, D zinatosha, zikiwemo Fizikia, Kemia na Baiolojia. Zote unazo. Uuguzi pia upo ngazi hiyo. Fungua mwongozo wa NACTVET (baraza linalosimamia vyuo vya kati na vya ufundi) usome sifa za kila chuo kwa macho yako, usisimuliwe.

Namwachia simu mama watoto, maana ameanza kunisomea juu ya bega.

Mzee wa Stesheneri

Huyu ni mama watoto anaandika, msinipe salamu za mzee.

Binti, hiyo F ya Hisabati haijakuharibia, ila itakufuata usipoilipa. Ukimaliza stashahada ya utabibu ukatamani kuendelea na shahada ya udaktari, watakuuliza wastani wako wa stashahada, halafu watageuka nyuma kukuuliza kidato cha nne, na Hisabati imo kwenye orodha yao. Watu wazima wenye kazi zao nzuri wanakwama hapo. Kwa hiyo, uende kidato cha tano au chuo, jiandikishe kama mtahiniwa wa kujitegemea urudie Hisabati peke yake. Unatafuta D tu. Alama 30. Takwimu, seti, matriki, hesabu za biashara na vekta zinakufikisha ukizishika vizuri.

Kati ya PCB na CBG kwa matokeo haya: ukijaza PCB ya kwanza, hakikisha CBG inafuata mara moja, HGL iende chini. Nimeona wanafunzi wanaoruka kutoka PCB kwenda HGL kama wanavuka barabara, katikati wakaacha tahasusi ambayo wangeipata bila jasho. Kwenye machaguo ya vyuo weka utabibu na uuguzi. Mfumo unakuruhusu kuweka vyote viwili, kidato cha tano na vyuo. Tumia.

Mzee nimemrudishia simu yake.

Fundi Nala

Hatimaye mtu kataja vyuo. Wazazi wa Dodoma mnaona kidato cha tano ni lazima kama chanjo. Mji huu toka serikali ihamie kila kona ni ujenzi: Mtumba majengo, uwanja wa ndege Msalato, reli, barabara za mzunguko. Mimi nimepita chuo, nimetoka fundi umeme mwenye stashahada, na nina vijana wananifuata kazi. Rafiki zangu waliokwenda advansi bila mpango wamerudi wakaanza stashahada ileile niliyoanza mimi mapema. Chuo cha Madini kipo hapahapa mjini. Mpwapwa kuna chuo cha mifugo. Hombolo kuna chuo cha serikali za mitaa. Mnahangaika nini?

Na suala la hela: Bodi ya Mikopo tangu mwaka wa masomo 2023/24 inakopesha na wa stashahada kwenye fani za kipaumbele. Hiyo sababu ya "chuo cha kati hakina mkopo" imepungua nguvu.

Mzee wa Stesheneri

Fundi, sikupingi. Naongeza tu kwamba stashahada nayo ina njia ya kwenda shahada, wastani wa GPA 3.0 ndio kima cha chini cha TCU. Kwa hiyo mtoto hajajifungia.

Ninachokataa ni pale chuo kinapotumika kama adhabu. "Umefeli, nenda VETA." Mtoto anaenda na kinyongo, anatoka na kinyongo. Na upande wa pili, kuna mtoto anayependa kusoma vitabu, ana Historia A, Kiingereza A, huyo ukimpeleka kuunga nyaya kwa sababu mji unajengwa unamtesa tu yeye na nyaya.

Kwa hesabu za nyumbani, kidato cha tano cha serikali ada ilifutwa mwaka 2022. Lakini fomu ya kujiunga ikija utaona mwenyewe: godoro, shuka, tranka, ndoo, fyekeo au jembe, rimu za karatasi, michango. Na nauli, kwa sababu wa Kongwa anaweza kupangiwa Rukwa. Mzazi asipojiandaa kuanzia sasa, mwanzoni mwa Julai atakuwa anauza mahindi Kibaigwa kwa bei ya kutupa.

Mama wa Ipagala

Habari zenu. Mimi wangu anataka mambo ya michezo, na mdogo wake anataka muziki, sijui nimekosea wapi. Nasikia kuna tahasusi mpya za hayo. Ni za kweli au ni maneno ya mtaani? Na akisoma hiyo ataingia chuo gani?

Mzee wa Stesheneri

Dada, hujakosea popote. Ni za kweli. Machi 2024 TAMISEMI walitangaza tahasusi mpya 49, jumla zikafika 65, na waliozianza waliingia Julai mwaka huohuo. Zimepangwa makundi saba: sayansi ya jamii, lugha, masomo ya biashara, sayansi, michezo, sanaa, na elimu ya dini. Anayependa Kichina, Kiarabu au Kifaransa naye ana pa kukaa.

Ila kanuni ya somo la tatu hapa inauma zaidi. Fungua mwongozo wa TCU, uko bure mtandaoni, hutoki na shilingi isipokuwa ya bando. Tafuta kozi anayoitaka, soma safu ya sifa za kuingia neno kwa neno. Kama masomo mawili kati ya matatu yametajwa pale kwa majina, songa mbele. Kama halionekani hata moja, mtoto anabaki anategemea ukarimu wa mtu. Nakushauri uchague ile tahasusi ambayo mbali na michezo au muziki ina somo linalopokelewa kwingi: lugha, Baiolojia, Jiografia, Hisabati. Hapo akibadili mawazo, na atabadili, ana umri wa kubadili, bado anasimama.

Na angalia ni shule zipi zinazo. Tahasusi kuwepo kwenye tangazo na kuwepo shule ya karibu ni mambo mawili.

Mtani wa Singida

Mzee nimerudi. Kijana wangu ameusoma uzi wako wote kanionyesha, sijui nikushukuru au nikulaani. Matokeo yake: Hisabati B, Fizikia C, Kemia D, Jiografia A, na Uchumi hajawahi kusoma. Nilijaza PCM. Anasema anataka EGM au PGM. Uchumi atauwezaje wakati hajausoma kidato cha nne?

Mwl wa Fizikia

Mtani hili nijibu mimi. Uchumi wengi wanaoingia EGM na HGE hawakuusoma kidato cha nne, unaanzia mwanzo pamoja. Hilo lisikutishe. PCM yake ni 3, 4 na 2, jumla 9. PGM ni 3, 1, 2, jumla 6. Kwa mtoto huyu Kemia ndilo lile somo la tatu linalosemwa humu. Kama anataka uhandisi wa kemikali au wa kuchakata madini, hana jinsi, apambane na Kemia. Kama ni ujenzi, barabara, upimaji ardhi, ramani, PGM imemtosha na Jiografia ya A imekaa pale kumvutia daraja juu. Na ana Hisabati B! Watoto wa hivyo ni wachache kwenye shule zetu, usimpoteze kwa sababu ya ile herufi C ya katikati ya PCM.

Mtani wa Singida

Nimekuelewa mwalimu. Nitakaa naye. Sijasema nimekubali.

Msomaji wa Area C

Naomba kuuliza kuhusu prifomu faivu, yaani tuisheni ya kabla ya kidato cha tano. Wahitimu wako nyumbani tangu Novemba mpaka Julai. Tuisheni inafaa au ni kula hela za wazazi?

Mzee wa Stesheneri

Inafaa kwa kazi moja: kumjaribu mtoto na somo la tatu kabla dirisha halijafungwa. Mpeleke wiki kadhaa asome mada za mwanzo za Hisabati ya juu au Fizikia ya kidato cha tano. Akirudi analalamika lakini anafungua daftari usiku, mwache aende. Akirudi anasema mwalimu ni mzuri sana na daftari halifunguliwi, umepata jibu kwa bei nafuu. Vingine vyote, kama kumaliza silabasi ya kidato cha tano kabla ya kuripoti, ni matangazo ya kubandika kwenye nguzo za umeme.

Nilishaulizwa faraghani, nijibu hapa kwa faida ya wengi: mtoto akishapangwa, kubadili tahasusi akiwa shuleni kunawezekana, lakini mkuu wa shule ataangalia kama tahasusi ipo pale, kama kuna nafasi, na kama matokeo yanaruhusu. Aombe wiki za mwanzo. Akija kuomba baada ya mitihani ya muhula, wenzake wameshaenda mbali. Kuhama shule ni habari nyingine na ina mzunguko wake wa barua.

Na nenosiri la Selform liandikeni mahali. Wanaokuja kwangu kurejesha nenosiri ni wengi kuliko wanaokuja kubadili machaguo.

Binti wa Kondoa

Nimerudi kutoa mrejesho. Nimekaa na baba na mama mdogo ambaye ni muuguzi. Tumekubaliana: chuo, utabibu uwe wa kwanza, uuguzi unaofuata. Kidato cha tano CBG ya kwanza, PCB ya pili, HGK ya tatu. Hisabati nitarudia. Mama taaluma asante sana. Swali moja dogo, Jiografia ya advansi ni ya kusoma tu au ina mahesabu?

Mwl wa Fizikia

Hongera kwa kukaa na wazee mkaelewana. Jiografia ya advansi ina ramani, ina upimaji, ina picha za kutafsiri, na ina takwimu za kuchora na kukokotoa. Kwa hiyo anza na takwimu kwenye hiyo Hisabati unayorudia, utakuwa umelipia madeni mawili kwa pesa moja.